Senti Zenye Tundu za Usukuma na Mfalme Asiyevishwa Taji

Bibi mmoja wa Ntuzu, ndio utemi wa zamani ambao mji wa Bariadi umeota ndani yake, alinifungulia siku moja kibuyu kidogo alichorithi kwa mama yake, akamimina juu ya ungo sarafu za shaba zilizotungwa katika uzi wa katani, kila moja ikiwa na tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda kulikingia tundu lile huku na huku, nazo zote zimeiva rangi ya kahawia kama buni iliyokaangwa. Nilizipitia taratibu, nikizigeuza moja baada ya moja, nikisoma tarehe na majina ya wafalme wa Uingereza walioitawala Tanganyika kwa udhamini. Na katikati ya zile za George wa Tano na za George wa Sita, ambazo ni nyingi hata hazimshughulishi mtu, nikaiona moja ya senti kumi, ya mwaka 1936, iliyoandikwa kwa Kilatini jina la Edward wa Nane, Mfalme na Kaizari wa Hindi. Bibi yule hakujua, wala hapakuwa na sababu ya yeye kujua, kwamba alikuwa ameshika mkononi jina ambalo Waingereza wenyewe, katika nchi yao, hawakupata kulitumia dukani hata siku moja.

Edward alirithi ufalme tarehe 20 Januari 1936, siku aliyofariki baba yake, akauacha tarehe 11 Desemba ya mwaka ule ule kwa kuwa alitaka kumwoa Mmarekani aliyekwisha kuachana na waume, jambo ambalo serikali yake na kanisa lake havikuliridhia. Na kwa hiyo hakuwahi kuvishwa taji. Basi sarafu za mfalme mpya si kitu cha kufanywa kwa haraka. Kwanza mchongaji huitengeneza sura yake, kisha mafundi huchonga mihuri ya chuma, halafu hupigwa sarafu chache sana kwa majaribio, zipelekwe kwa wakubwa na kwa mfalme mwenyewe ili azitazame, azikubali au azikatae. Na hizo chache, ambazo hazikupigwa kwa ajili ya soko bali kwa ajili ya macho ya wenye amri, ndizo nitakazoziita hapa sarafu za violezo. Mchongaji wa sura ya Edward alikuwa Thomas Humphrey Paget, na kazi ilichelewa zaidi kwa sababu mfalme alishikilia jambo moja: tangu enzi za Charles wa Pili ilikuwa desturi kwamba kila mfalme hutazama upande usiokuwa ule wa aliyemtangulia, na maadamu baba yake alitazama kushoto ilimpasa yeye atazame kulia, lakini alikataa, akataka naye atazame kushoto, kwa kuwa upande ule ndio uliokuwa na njia ya nywele zake na aliuona kuwa mzuri zaidi. Sarafu mpya zilitarajiwa kuanza kutumika mwaka 1937. Alipoondoka, vikabaki violezo peke yake, pamoja na vipande vichache vya shaba ya manjano vya peni tatu, vyenye pembe kumi na mbili, vilivyokuwa vimepelekwa kwa watengenezaji wa mashine za kuuzia vitu ili wazipime mashine zao, na ambavyo si vyote vilivyorudishwa.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na sababu yake ilikuwa tundu. Sarafu iliyotobolewa katikati haina mahali pa kuweka uso wa mtu. Ina nafasi ya taji dogo juu ya tundu, na jina la mfalme kulizunguka, basi. Kwa hiyo kubadili senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki kutoka kwa George hadi kwa Edward kulihitaji kubadili herufi tu, bila mchongaji, bila majadiliano juu ya upande wa kutazama; na ndani ya mwaka ule mmoja senti za Edward zikapigwa kwa mamilioni, katika kiwanda cha serikali huko London, na katika viwanda vya upande wa Birmingham vilivyotia alama za H na KN, zikapakiwa melini zikaja Mombasa na Dar es Salaam, zikapanda reli hadi Mwanza, na kutoka Mwanza zikasambaa kwa wenye maduka, kwa makarani wa kodi na kwa wanunuzi wa pamba. Afrika ya Magharibi ya Waingereza ilipata zake zenye tundu vivyo hivyo, na Fiji na New Guinea nazo zikapata peni zake. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mkulima wa Dutwa au wa Kanadi aliweza kununua chumvi na kiberiti kwa fedha ya mfalme ambaye muuza magazeti wa London hakuipata fedha yake hata ya kuitazama. Mfalme huyo huyo, alipokuwa mrithi tu, alikuwa amepita Tanganyika mwaka 1928, na akiwa safarini katika nchi hii zikamfikia simu za ugonjwa mzito wa baba yake, akateremka hadi Dar es Salaam na kupanda manowari ya kumrudisha kwao.

Violezo vyake vimekuwa vitu vya kushindaniwa na matajiri. Mwezi Januari 2020 pauni moja ya dhahabu yenye sura yake, ya mwaka 1937, iliuzwa kwa pauni 1,000,000. Na mwezi Machi 2021, katika mnada wa Marekani, kipande cha dhahabu cha pauni tano cha mwaka ule ule kilifikia dola 2,280,000, kikiwa kimefungwa ndani ya kasha la plastiki na kuandikwa daraja la 67 katika madaraja 70. Senti kumi ya bibi wa Ntuzu haina kima hicho wala cha kukaribia. Zilipigwa nyingi, na kwa mkusanyaji wa Ulaya ni kitu cha bei ndogo. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaenda Bariadi kuwarubuni wazee kwa matumaini ya uongo, au mzee akajidhania ameketi juu ya utajiri. Nami nina hoja nyingine, ambayo haihusiani na mnada.

Ili hoja hiyo ieleweke yatupasa kurudi nyuma kidogo. Kabla ya sarafu, Wasukuma walikuwa na kipimo cha mali kilichowatosha: ng'ombe na mbuzi, nafaka, na jembe la chuma, ambalo wahunzi wa Kirongo wa upande wa Uzinza walilifua na ambalo lilitembea masafa marefu likibadilishwa kwa mifugo na kutolewa mahari. Jembe lilikuwa na sifa ambayo sarafu haina, kwamba likikosa mnunuzi hulima. Rupia iliingia kwa biashara ya pwani na misafara, lakini aliyeifanya iwe lazima alikuwa Mjerumani, aliyetoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba moja ya shamba kwa mwaka, akidhamiria wazi kwamba mtu asiyekuwa na rupia aende akaitafute kwa kazi au kwa mazao. Rupia za kwanza za Mjerumani zilikuwa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizopigwa tangu mwaka 1890 zikiwa na Kaizari Wilhelm amevaa kofia ya chuma upande mmoja, na simba chini ya mtende upande wa pili. Na pesa zake za shaba, kwa kuwa watu wa mrima walizoea kusoma Kiarabu, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa mwaka wa Hijra. Pesa 64 zilifanya rupia moja hadi mwaka 1904, serikali ilipoigawa rupia katika heller 100, na neno hilo la Kijerumani, ambalo kwao limekwisha kufa, likabaki kwetu likiitwa hela. Kiasi kwamba kijana wa leo wa Lagangabilili, anayetuma na kupokea kwa simu na ambaye huenda hajawahi kuona sarafu ya Mjerumani, bado huitaja sarafu hiyo kila siku kwa kinywa chake.

Mjerumani ndiye pia aliyezoesha tundu katika sehemu hii ya Afrika, kwa heller kumi za nikeli alizozitoa kuanzia mwaka 1908, karibu wakati ule ule Mwingereza alipofanya hivyo Kenya na Uganda, na baadaye kwa heller tano. Sababu ilikuwa dhahiri: nguo za watu hazikuwa na mifuko, na uzi ni mfuko wa kutosha. Aliyebuni tundu lile alifikiri juu ya mwili wa mtu atakayeibeba fedha, na katika mambo mengi ambayo wakoloni waliyaamua kwa ajili yetu bila kututazama, hili ni mojawapo ya machache ambamo walitutazama kwanza.

Hapana budi nisimame kidogo Tabora, kwa sababu sarafu iliyo karibu zaidi na kiolezo katika historia yote ya Tanganyika ilizaliwa pale. Vita vya mwaka 1914 vilipofunga bahari, meli za Uingereza zikazuia kila kitu kutoka Ujerumani, sarafu zikapungua na serikali ikaanza kuchapa noti kwa karatasi ya namna yoyote iliyopatikana, hata mwishoni noti za porini zilizogongwa kwa mihuri ya mpira. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, mafundi waliokuwa wamezoea kutengeneza magurudumu na boila walipewa kazi ya kupiga sarafu. Walipiga heller 5 na heller 20 kwa shaba nyeupe na nyekundu ya mabaki, yakiwamo maganda ya risasi na mizinga, na wakatia herufi T, yaani Tabora. Kisha wakapiga rupia 15 kwa dhahabu iliyotoka katika mgodi wa Sekenke, ule ulioko Iramba, upande wa pili wa mbuga ya Wembere kwa mtu anayetoka Meatu. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani, na juu ya sarafu ile wakachora ndovu aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Vilipigwa vipande elfu kumi na sita na ushei tu, vyenye uzito wa gramu 7 na kidogo, dhahabu yake ikiwa robo tatu na robo iliyobaki ni madini mengine.

Nimepata kuishika moja, nikailinganisha na sarafu za Mjerumani zilizopigwa Berlin, na ninasema bila kusita kwamba ile ya Tabora ni nzuri zaidi. Zile za Berlin zimetimia kila upande, na huwezi kujua kama mkono wa mwanadamu umezigusa. Ya Tabora ina ndovu mwenye uzito. Herufi zake hazilingani kabisa. Na pambo lililoko chini ya jina la nchi huishia mahali tofauti, katika vipande vingine chini ya herufi T ya jina hilo na katika vingine chini ya herufi A, kwa kuwa muhuri ulipokwisha palichongwa mwingine kwa jicho na kwa mkono. Wakusanyaji hutofautisha aina mbili kwa ncha hiyo ya pambo. Mji wa Mwanza ulikuwa umekwisha kutekwa na Waingereza mwezi Julai mwaka ule, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Kwa hiyo fedha ile ya dhahabu, iliyopigwa kwa miezi michache tu, haikupata wakati wa kuzoeleka sokoni, na ikawa kama kiolezo cha dola iliyokwisha kuondoka. Zanzibar nayo ilikuwa na mfano wake katika sarafu za mwaka 1908 za Sayyid Ali bin Hamud, zenye hesabu ya senti, ambazo hazikukubalika kwa watu, nyingi zikayeyushwa, na leo ni adimu kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya vita zikapita rupia na florini kwa fujo ya miaka miwili mitatu ambayo haina faida kuisimulia hapa, ikatulia shilingi ya Baraza la Sarafu la Afrika Mashariki, yenye simba na milima, mwanzoni madini yake ya fedha yakiwa robo tu. Hiyo ndiyo fedha iliyoingia Usukuma kwa wingi usiokuwa na mfano, kwa sababu iliingia kwa pamba. Hasa baada ya vita vya pili, na katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika vya wakulima chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika, viliposhika mizani vyenyewe, wakulima wa Maswa, wilaya ambayo Bariadi ilikuwa ndani yake, walipokea malipo ya msimu kwa noti na kwa mafungu ya sarafu. Noti zilikwenda mnadani zikageuka ng'ombe. Shilingi na thumuni, yaani senti hamsini, zilikwenda dukani. Ndururu, yaani senti tano, na senti kumi, zile zenye tundu, ndizo zilizobaki nyumbani, zikatungwa uzi, zikawa akiba ya mwanamke, mchezo wa mtoto na pambo la mchezaji ngoma. Na Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwezi Juni 1966 na kutoa sarafu zake zenye sura ya Mwalimu Nyerere, samaki, mbuni, sungura na mwenge, kazi ya Mwingereza Christopher Ironside, zile za zamani zikaondolewa kidogo kidogo katika matumizi, lakini za kwenye kibuyu hazikwenda benki, kwani thamani yake wakati ule ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kuzipeleka.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu, nami naianza kwa madaraja. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, aliyekuwa akikusanya senti kubwa za kale za nchi yake, alitoa kipimo cha kuanzia 1 hadi 70, moja ikiwa ni sarafu iliyosagika hata hutambui ila kwa taabu kwamba ni sarafu, na sabini ikiwa ni ile ambayo haikuguswa na kitu tangu itoke chini ya muhuri. Naye alikusudia kwamba namba ifuate bei, yaani ya sabini iwe na thamani mara sabini ya ile ya moja. Hesabu yake ya bei iliharibika upesi, ila namba zikabaki. Katika miaka ya 1980 zikaanzishwa huko Marekani kampuni mbili, PCGS na NGC, ambazo mtu huzilipa zipime sarafu yake: wataalamu huitazama kwa kioo cha kukuza, kila mmoja kwa nafsi yake bila kujua mwenyewe ni nani, huthibitisha kwamba si ya bandia, huipa namba, na kuifunga ndani ya kasha ambalo halifunguki bila kuvunjwa. Kazi hii ina manufaa yasiyokanika. Kabla yake muuzaji ndiye aliyekuwa hakimu wa bidhaa yake mwenyewe, na mnunuzi wa mbali alidhulumiwa mara nyingi; na rupia ya dhahabu ya Tabora, ambayo imeigizwa na waghushi wengi, nisingemshauri mtu ainunue bila shahada ya namna hiyo.

Walakini kipimo cha Sheldon hupima jambo moja tu, nalo ni umbali wa sarafu kutoka siku yake ya kuzaliwa. Kila kilichoipata tangu siku ile ni upungufu. Senti ya Edward iliyokaa katika bweta la London tangu 1936 itapewa sitini na zaidi. Senti ya bibi wa Ntuzu, ambayo kingo za tundu lake zimelika kwa uzi wa katani hata zimekuwa laini kama jino la mtoto, na ambayo taji lake limefutika kwa vidole vya watu watatu wa vizazi vitatu, itapewa kumi na kitu, au itaandikwa tu kwamba imeharibika na isipewe namba. Mimi sisemi kwamba wapimaji wamekosea. Wameulizwa swali na wamelijibu. Lakini kwa mwanahistoria wa mkoa huu wa Simiyu, ile ya London haina la kusema ila kwamba ilipigwa; na ile ya Ntuzu ni hati. Mchakao wa tundu unaeleza kwamba ilitungwa, na kwa muda gani. Pengo la upande mmoja linaeleza kwamba ilining'inia ikigongana na wenzake. Na kukutana kwake na ndururu za George wa Sita katika uzi mmoja kunatuambia ni lini, takriban, uzi ule ulifungwa, kwa kuwa hauwezi kuwa wa zamani kuliko sarafu yake ya mwisho. Hakuna mahali katika daftari za serikali palipoandikwa jinsi mwanamke wa Usukuma alivyoweka akiba kabla ya benki. Imeandikwa katika nyuzi hizi, ambazo hazina nakala ya pili.

Na hati hizi zinafutwa. Nilirudi kwa bibi yule baada ya miezi, nikakuta sarafu zake zimetolewa katika uzi, zimesuguliwa kwa ndimu na majivu hata zimeng'aa rangi ya waridi kama shaba mpya ya waya, kwa sababu mfanyabiashara mmoja mpita njia alikuwa amemwambia kwamba wazungu hupenda zinazong'aa. Kisha yeye mwenyewe hakurudi kuzinunua. Uzi ulikwisha kutupwa jalalani. Shaba ikisuguliwa hivyo hupoteza ngozi yake, ile rangi iliyoijia polepole kwa hewa na jasho, na ngozi hiyo hairudi kwa umri wa mtu. Hata mpimaji wa Marekani, ambaye nimemtaja kwa heshima, huikataa sarafu iliyosafishwa. Tulikaa kimya kwa muda, bibi na mimi, tukizitazama juu ya ungo ule.

Kwa hiyo msomaji, ikiwa kwenu Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega pana kibuyu au mkoba wa namna hiyo, nakusihi usizisugue sarafu zake kwa ndimu, wala kwa mchanga, wala kwa dawa ya meno, usiukate uzi, usizitie katika mfuko wa nailoni, bali zifunge kwa karatasi kavu au kitambaa cha pamba, na kabla ya yote mwulize mwenyewe, angali hai, alizipata wapi, kwa pamba ya mwaka gani, na nani aliyezitunga, ukayaandike majibu yake na kuyaweka pamoja nazo. Ukitaka pa kuzihifadhi kwa niaba ya wengi, iko Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa katika barabara ya kutoka Mwanza kuja Simiyu, iliyoanzishwa na Padri David Clement. Bibi wa Ntuzu amekubali zile zake zipelekwe huko, pamoja na uzi mpya wa katani alioupota kwa mkono wake mwenyewe, na ile ya Edward ataitunga katikati.